UZI: Ushuhuda wa kanisani ukitiwa chumvi, ni uongo ama ni kumtukuza Mungu? (niko Malindi)

karani_wa_bandarini:
Wadau hamjambo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili nimeona nilete hapa, manake nikiliongea mtaani litafika kanisani kabla sijamaliza kulisema, Malindi mwaijua.

Mimi ndio nashika daftari la kikundi chetu cha wavuvi, michango, mikopo, nani kalipa nani hajalipa, yote yapita kwangu. Sasa kuna ndugu mmoja wa kikundi ambae pia twasali nae kanisa moja (kanisa silitaji na yeye simtaji, kwa hio msinijazie inboksi). Jumapili kaitwa mbele atoe ushuhuda. Akasema alikuwa hana mbele wala nyuma, akapanda mbegu (yaani akatoa sadaka) ya elfu kumi kwa imani, na mwezi haujaisha Mungu akampa boti ya faiba na injini mpya, "na sidaiwi na mtu hata shilingi." Vigelegele, kinanda, watu wamesimama, mama mmoja kavua leso kaitandika chini.

Hio boti mimi naijua. Ni ya watu watano. Tumekopa sako (chama cha akiba na mikopo), saini yake iko kwenye daftari langu, na juzi tu nimemkumbusha kwamba ako nyuma miezi miwili.

Ingekuwa imeishia hapo ningenyamaza, binadamu hupenda kuonekana. Lakini mchungaji akashika maiki akasema mmesikia, nani mwengine ataka boti yake? Bahasha zikapitishwa. Na kesho yake mama mmoja mjane, jirani yangu, auza viazi karai pale karibu na steji ya tuktuk, kanifuata akaniuliza polepole kama si vibaya atoe pesa ya kodi ya nyumba kwanza halafu amuachie Mungu.

Sasa nauliza. Nikisema ukweli ntaambiwa nazima Roho na nina wivu. Nikinyamaza huyu mama atafungiwa mlango na mwenye nyumba. Na je yule ndugu alidanganya kweli ama alitia chumvi tu kwa nia njema? Wenye kujua Maandiko nisaidieni, matusi sitaki.

bwana_tuktuk:
Nimeweka kiti.

dada_wa_ganda:
Kaka mimi naona umekuwa mkali. Kwani huo mkopo nani aliuwezesha? Si Mungu? Watu wangapi huomba sako wakanyimwa. Kusema Mungu amenipa boti hata kama ni ya mkopo sio uongo, ni shukrani. Sisi Wakristo twaongea lugha ya imani, wewe unaongea lugha ya daftari.

karani_wa_bandarini:
@dada_wa_ganda hapo nakubali nusu. Angesema "Mungu kanifungulia nikapata mkopo na wenzangu wanne" hata mimi ningepiga makofi, na naapa wavuvi wengi pale kanisani ingewafaa zaidi, wangejua kumbe njia ni kuunda kikundi na kuweka akiba. Lakini yeye alisema hadaiwi. Hilo neno si la imani, hilo ni neno la daftari na daftari lasema vingine.

katekista_mstaafu:
Vijana salaam. Mie ni Mkatoliki, nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, wacha niingie.

Watu wengi husoma habari ya Anania na Safira kwenye Matendo 5 wakadhani waliadhibiwa kwa kutoa kidogo. Someni tena taratibu. Petro amwambia Anania waziwazi kwamba kile kiwanja kabla hakijauzwa kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa pesa zilikuwa ni zake afanye atakavyo. Yaani hakuna aliemlazimisha. Angeleta nusu akasema "nimeleta nusu" angerudi nyumbani akala chakula chake. Kosa ni kuleta nusu na kutaka heshima ya alieleta yote. Na angalieni sura ya 4 inavyoisha, ni Barnaba ameuza shamba akaweka pesa zote miguuni pa mitume. Anania na mkewe waliona vile Barnaba alivyosifiwa wakataka na wao, ila kwa bei nafuu. Wao pia walitoa ushuhuda kanisani, jamani, mbele ya watu!

Kwa hio swali la "nia njema" mie silipi uzito sana. Amri ya nane haina kifungu cha nia njema.

mlokole_original:
Mzee amri ya TISA sio ya nane. Ya nane ni usiibe.

katekista_mstaafu:
Kwenu ni ya tisa, kwetu ni ya nane, na Walutheri wahesabu kama sisi. Maneno ni yale yale ya Kutoka 20, hesabu tu ndio tofauti. Usishuhudie uongo. Tusipotee hapo tafadhali.

bwana_tuktuk:
Na hapa zote mbili zahusika 😂 mtu ashuhudia uongo halafu bahasha yapita

kijana_wa_mambrui:
Mimi niulize kitu mnaruka. Rahabu alidanganya askari wa Yeriko, Yoshua 2, na anasifiwa mpaka Agano Jipya. Wale wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao ati wanawake wa Kiebrania huzaa haraka kabla mkunga hajafika, na Mungu akawajalia nyumba. Yakobo nae alivaa ngozi za mbuzi akamuibia kakake baraka na bado ndio Israeli. Sasa mvuvi wa Malindi kusema boti ni yake ndio mbingu zianguke?

mwalimu_wa_gede:
@kijana_wa_mambrui swali zuri na limesumbua vichwa vikubwa. Augustino, alikuwa askofu huko Afrika Kaskazini miaka ya 400, alishikilia kwamba uongo wote ni dhambi hata wa kuokoa mtu, akasema wakunga walibarikiwa kwa huruma yao sio kwa uongo wao. Wengine tangu zamani wameona alikaza kupita kiasi. Mimi binafsi mtu akija na panga auliza jirani yangu yuko wapi simwambii, Augustino atanisamehe.

Lakini angalia hio mifano yako. Rahabu alikuwa aficha watu wasiuawe. Wakunga walikuwa waokoa watoto wachanga. Boti ya karani iliokoa nani? Na Yakobo usimtaje haraka hivo, kadanganya babake kwa mbuzi, halafu mkwewe Labani akamdanganya usiku wa harusi akaamka na Lea badala ya Raheli, na uzeeni wanawe wakamletea kanzu ya Yusufu imechovywa damu ya mbuzi. Mbuzi tena! Biblia haikumwachia.

Kwangu mimi andiko la mambo haya ni Ayubu 13. Watu hawalisomi. Rafiki zake Ayubu walikuwa wamtetea Mungu, maneno yao yote yalikuwa ya kumsifu Mungu, na Ayubu mstari wa 7 awauliza: mwataka kumsemea Mungu uongo? Mwataka kumtetea kwa hila? Na mwisho wa kitabu Mungu awakasirikia wale marafiki, asema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama mtumishi wangu Ayubu. Yaani Mungu alimpendelea mtu aliekuwa alalamika kwa ukweli kuliko watu watatu waliokuwa wamsifu kwa mambo yasiyo kweli. Paulo nae kwenye Warumi 3 aligusa hapo hapo, watu wanaosema kama uongo wangu unazidisha utukufu wa Mungu kwa nini nihukumiwe, na hakuwaonea huruma hata kidogo.

Kwa hio karani, swali lako la kichwa cha uzi nalijibu hivi: Mungu hana haja ya kusaidiwa na boti ambayo haiko.

jirani_muislamu:
Mimi napita tu, mimi ni Muislamu wa Shella hapa Malindi. Kwetu iko hadithi mashuhuri kwamba mwenye kumzulia Mtume uongo kwa makusudi ajitayarishie makao yake motoni. Ndio maana maulamaa walikaa miaka wakichuja nani kasema nini kasikia kwa nani. Sasa nashangaa nyinyi mtu asimama tu, maiki apewa, na hakuna wa kumuuliza umesikia kwa nani boti ni yako 😅 Samahanini lakini.

mwalimu_wa_gede:
@jirani_muislamu karibu, na wala hujakosea. Ngoja nikupe moja ya mji wetu. Lile kanisa dogo la Wareno pale karibu na ufuo, watalii hupelekwa kupiga picha. Mwaka 1542 Fransisko Xavier, padri mmishenari wa Kikatoliki, alipita Malindi akielekea Goa kule India, na barua yake ipo mpaka leo. Aliandika kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa Malindi alimuuliza kama makanisa kwao hujaa watu, kwa sababu hapa ibada imepungua, misikiti 17 lakini inayohudhuriwa ni 3 tu.

Hebu fikirieni. Mgeni wa dini nyingine, tena wa taifa lenye mizinga, na mzee wa mji amwambia kweli tupu kuhusu hali ya dini yake. Angeweza kusema yote 17 imefurika, na mgeni kesho asafiri, angejuaje. Mimi huyo mzee namheshimu kuliko wachungaji kadhaa ninaowajua na takwimu zao za waliookoka.

jirani_muislamu:
Mashallah hio sikuijua. Ila sai inajaa, andika hivo pia 😂

mvuvi_wa_mayungu:
nyinyi wasomi mko mbali, wacha niwalete sokoni. uongo mkubwa wa Wakristo wa hapa hauko kwa ushuhuda uko kwa mizani. mtu aimba kwaya jumapili, jumatatu amekupimia kilo ya changu na kidole kiko juu ya mizani, ama jiwe la kununulia kwa mvuvi ni zito na la kuuzia mama karanga (wale wakaanga samaki) ni jepesi. mithali 11:1 yasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na kumbukumbu la torati 25 yakataza kabisa kuwa na mawe mawili kwenye mfuko, kubwa na dogo. kama yule aliekuwa na mawe mawili mfukoni ni mzee wa kanisa ushuhuda wake utakuwaje

beachboy_mstaafu:
Hapo mvuvi umenigusa. Na bei je? Mtalii wa Kiitaliano akija naanza na elfu tatu kinyago cha elfu moja. Nikisema "bei ya mwisho rafiki" na sio ya mwisho, nimetenda dhambi? Manake basi Malindi yote twaenda motoni pamoja, tukodi basi moja.

mama_kaimosi:
Niwaambie kitu beachboy. Mimi nimeolewa huku pwani lakini kwetu ni magharibi, nimelelewa kanisa la Marafiki (Quakers), wamishenari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa mwanzo kule Uingereza miaka ya 1600 walisoma Mathayo 5:37, maneno yenu yawe ndiyo ndiyo, siyo siyo, wakaichukua vile ilivyo. Wakakataa kuapa kortini, wengi wakafungwa kwa hilo, walisema nikiapa nitasema kweli maana yake nisipoapa nadanganya. Leo hata hapa Kenya mtu aweza kuthibitisha kortini bila kuapa.

Na dukani wakakataa mambo ya bei ya kwanza na bei ya mwisho. Waliweka bei moja, akija mtoto ama akija tajiri ni ile ile. Mwanzoni wakapoteza wateja, baadae watu wakaanza kutuma watoto kwenye maduka yao manake walijua hawatapunjwa.

Mimi nauza leso na madera, bei yangu ni moja. Wateja wa pwani hunilaumu, wasema dada wewe hata huna utani. Utani ninao, bei ndio haina.

beachboy_mstaafu:
Heshima mama. Lakini kuvutana bei si uongo, ni mchezo ambao wote wawili wajua sheria. Mnunuzi nae asema "sina pesa" na ana pochi imevimba.

mvuvi_wa_mayungu:
kwa mswahili mwenzako ni mchezo, kwa mtalii alieshuka ndege jana ajua sheria gani??

beachboy_mstaafu:
Hapo sina jibu nitarudi.

dada_wa_ganda:
Jamani turudi kwa karani, huyu mama wa viazi bado anangoja. Na mimi nimesoma hio Ayubu 13 nimenyamaza kidogo. Lakini swali langu bado liko, tukianza kukagua kila ushuhuda si watu wataogopa kusimama? Kuna mama akisimama kusema kichwa kimepona utamuomba karatasi ya hospitali?

katekista_mstaafu:
La hasha, mama wa kichwa mwacheni. Tofauti ni hii mie naiona: ushuhuda wa mama yule haumtoi mtu pesa mfukoni. Siku ushuhuda unapofuatwa na bahasha umegeuka kuwa tangazo la biashara, na tangazo la biashara lazima liwe kweli. Paulo mwenyewe alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakubeba pesa peke yake. 2 Wakorintho 8, alimtuma Tito na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, akaeleza kabisa kwamba hataki mtu apate la kumlaumu juu ya zile pesa, awe sawa mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo! Kama yeye alitaka mashahidi, mchungaji wa mtaa ni nani.

Halafu dada, ushuhuda wa kweli haupungukiwi na nguvu. Injili zote nne zimeandika Petro alimkana Bwana mara tatu. Mapokeo ya zamani ya kanisa yasema Marko aliandika aliyoyasikia kwa Petro mwenyewe. Basi ni nani alieeneza habari ya jogoo ila Petro? Alikuwa kiongozi, angeweza kuifuta.

mwana_wa_kilifi:
Mimi nitasema ambalo wengi hawataki kulisema. Sisi wa kaunti hii baada ya Shakahola, kule wafuasi wengi wa mchungaji walifunga mpaka kufa, hatuna ruhusa ya kuuliza "je nikiuliza ntazima Roho." Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa kule msituni, miili zaidi ya 400, na watoto wamo. Wale watu walikuwa Wakristo, walikuwa wakisoma Biblia hii hii. Sisemi mchungaji wa karani ni kama yale, hapana, bahasha na njaa ya kufa si kitu kimoja. Nasema kitu kimoja tu, kanisa likizoea kwamba anaesema mbele haulizwi, siku ya jambo zito pia hataulizwa. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 walikuwa wakimsikia Paulo halafu kila siku wanachunguza Maandiko kama mambo hayo ni kweli, na wakaitwa waungwana kwa sababu hio hio.

mlokole_original:
Umeenda mbali ndugu, kanisa lote lisilaumiwe kwa mambo ya mmoja

mwana_wa_kilifi:
Nimetaja kanisa lote wapi? Rudia kusoma.

mama_kaimosi:
Karani mwanangu nisikilize. Haya mambo mawili yako usiyafunge kamba moja. La mama wa viazi ni la leo jioni. Nenda umwambie "kodi lipa kwanza, hio boti ni ya mkopo wa watu watano." Usimsubirishe mpaka upatane na ndugu yako, mwenye nyumba hasubiri. Hutoi siri ya mtu, hio boti ilishatangazwa kwa spika.

La ndugu yako ni Mathayo 18, mwende wewe nae peke yenu kwanza. Usipite kwa mchungaji na usipite kwa facebook. Waefeso 4 yasema tuseme kweli kila mtu na jirani yake kwa kuwa tu viungo vya mwili mmoja, na kiungo hakiambiwi kwa maiki.

bwana_tuktuk:
Mama amefunga kesi

karani_wa_bandarini:
Narudi na habari, samahani jana bahari ilikuwa nzuri sikupata nafasi.

Mama wa viazi nimemwambia. Alinyamaza, akageuza viazi, akasema "hata mimi nilihesabu nikaona elfu kumi kwa boti ni rahisi sana." Kodi amelipa. Ila asema Jumapili atatoa mia mbili kama kawaida yake kwa sababu yeye hanunui kitu kwa Mungu. Sikuwa na la kuongeza.

Yule ndugu nae tumekaa chini ya mkungu pale bandarini baada ya kuuza. Nilidhani tutagombana. Alisikiliza halafu akaniambia jambo sikulitarajia, kwamba yeye mwanzo aliandika ushuhuda wote, kikundi, sako, watu watano, na kule kwenye kamati ya ibada wakamwambia ni mrefu, watu watachoka, toa hayo ya mkopo ubakishe mbegu na boti. La kutodaiwa aliongeza mwenyewe pale mbele, asema vigelegele vilimpanda kichwani. Asema tangu siku hio hapiti kwa furaha mbele ya wenzake wanne kwenye boti, manake wao pia waliusikia na mmoja humuita "tajiri" kila wakivuta wavu.

Nikamwambia arekebishe. Amesema yuko tayari kusimama tena lakini aogopa hatapewa maiki.

mlokole_original:
Duh. Kwa hio waliopunguza ni kamati.

mwalimu_wa_gede:
Ndio uone. Tulikuwa twamhukumu mvuvi na kumbe kuna wahariri. Mimi yeye namuona ana sehemu yake, lile la deni ni lake, lakini alieondoa mkopo akabakisha mbegu alijua vizuri anachouza.

dada_wa_ganda:
Nimeishiwa maneno. Mimi niko kamati ya ibada kanisani kwetu na sisi pia huwaambia watu wafupishe, lakini hio ya kuchagua nini kibaki… ntaleta mkutanoni.

karani_wa_bandarini:
Wazee wa kanisa wana kikao Alhamisi. Nimeamua kuomba mambo mawili, ndugu apewe dakika tano arekebishe kwa kinywa chake, na bahasha zisipitishwe palepale baada ya ushuhuda wowote, zikae kwenye kipindi cha sadaka kama zamani. La tatu nafikiria niombe sadaka ihesabiwe na watu watatu na isomwe, lakini naogopa nikibeba yote watasema nimekuja kupindua kanisa. Mwaonaje?

katekista_mstaafu:
La tatu liache kwa kikao kingine. Watu huchoka.

mama_kaimosi:
Mimi nasema lipeleke, ila usilipeleke wewe, apeleke mama mmoja mkubwa pale kanisani ambae hawamuwezi. Kila kanisa lina mmoja.

mvuvi_wa_mayungu:
na andika karatasi moja tu. wazee hawasomi mbili. andika kwa kalamu, ukichapisha watadhani umetumwa na wakili

bwana_tuktuk:
Alhamisi saa ngapi? Ukitaka kupelekwa nipigie, mama mkubwa mtamhitaji na miguu ya wamama wakubwa twaijua, hio tripu sitatoza.